Tembo Waliingia Nikiwa Msikitini

Mloka, Jumanne, baada ya Isha

Dakika zile zile! Nimekesha dunguni nikilinda mahindi, alfajiri nikashuka kwenda kuswali, na tembo wakaingia. Ningekuwa nimelala nyumbani, ningeelewa.

Imamu ananiambia ni mtihani. Mtihani gani, na mimi nilikuwa nimesujudu? Naogopa hata kuandika hivi.

Jioni akaja Mwalimu Yosefu, jirani yangu wa shamba. Tangu azike mwanawe anasema Mungu hayupo. Angekuwepo, mtoto asingeteseka vile. Nilidhani atanicheka. Akayatazama mahindi yaliyobaki, akasema, "Kesho alfajiri nenda kaswali, Mzee Saidi. Nitakulindia."

Kwenye dua nimekwama. Namshukuruje Mungu kwa mtu anayesema hayupo?

Nimeshukuru hivyo hivyo.