Mieleka Mchana wa Ramadhani

Jumamosi, kumi la pili la Ramadhani. Msambweni.

Jua la leo halikuwa na huruma. Upepo haukuvuma tangu asubuhi, na goti langu la kulia limevimba. Nimefuturu, nimeswali magharibi, sasa nimekaa barazani niandike kabla mwili haujanishinda.

Nimechoka. Wala si kwa sababu ya funga.

Miaka ishirini nafundisha mieleka, kwanza shule ya kati, sasa sekondari. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa Kinondo, nikishindana mchangani kila sikukuu mpaka mama akachoka kunishonea mashati. Mke wangu Mwanasha husema mke mkubwa wa nyumba hii ni kile kiwanja cha mchanga nyuma ya madarasa. Zamani alikuwa akilisema akicheka.

Mwezi uliopita mkuu wetu wa shule aliniita. Ni kijana, ameletwa baada ya uhuru. Alinieleza kwa adabu kwamba wanafunzi wanataka uwanja wa mpira, na kwamba tusiposhinda mwaka huu, mchanga wangu utaondolewa.

Kisha ikaja barua ya Mwakio. Mwakio ni Mtaita, Mkristo, mwalimu wa mieleka wa shule moja ya bara, upande wa Mackinnon Road. Alitaka mashindano ya shule zetu mbili, ya pekee mwaka huu, yawe leo, alasiri. Nilimwandikia kumwomba tungoje Idd ipite, kwa kuwa vijana wangu wote wamefunga. Akajibu kwa mstari mmoja: lori walilopewa lina nafasi siku hiyo tu.

Nilikasirika. Nilisema ofisini, mbele ya walimu wote, kwamba Mwakio ametupangia siku ya njaa makusudi. Nilisema hana haya.

Leo walifika saa saba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mpishi wetu alikuwa amewapikia wageni wali na maharage. Mwakio alishukuru, akasema wasipakuliwe. Nikaona ni kiburi tu, hata chakula chetu anakikataa.

Mapambano yalikuwa saba. Baada ya sita tulikuwa sare, tatu kwa tatu. Likabaki la mwisho: Bakari wangu na kijana wao mrefu, Zakaria. Mkuu alikuwa ameketi mbele, amekunja mikono.

Walishikana. Bakari hakuwa amevuta bado, magoti ya Zakaria yakalegea, akaenda chini chali. Mwamuzi akapuliza filimbi. Shule nzima ikapiga kelele.

Na mimi niliinua mikono juu. Lazima niliandike hilo. Niliona midomo ya kijana imekuwa myeupe, na bado nikainua mikono.

Halafu ndipo nilipomwendea. Nilimmwagia maji kichwani, nikamuuliza amekula nini leo. Akamtazama mwalimu wake.

"Maji wamekunywa," Mwakio akasema. "Chakula hawajatia mdomoni tangu alfajiri. Na mimi pia."

"Kwa nini?"

"Siku nilishindwa kuibadilisha, Mwalimu Hamisi. Niliwauliza vijana kama wangekubali kushindana na watu wenye njaa, wao wameshiba. Wakakataa."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungetulazimisha kula."

Ni kweli. Ningewalazimisha.

Nilibaki nimepiga magoti mchangani, nikiwaza ofisi ya walimu na yale niliyoyasema. Kisha nikasimama, nikamwambia mwamuzi kwamba hatuuchukui ushindi ule, kijana ameanguka kwa njaa, hakuangushwa. Bakari alikubali kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Pambano la kurudia halikuwezekana. Tukaandika sare.

Mkuu aliondoka bila kuniaga.

Wageni nikawazuia wasiondoke mpaka adhana. Tulitandika mikeka, tukafuturu pamoja, tende, uji wa pilipili manga, samaki, na wali uleule wa mchana uliopashwa moto. Zakaria alikunywa mabakuli matatu ya uji, Bakari akimjazia kila likiisha. Nilitaka kumwomba Mwakio msamaha, lakini nikamsogezea sahani ya samaki tu. Hajui hata nilimsema nini.

Nilipofika nyumbani, Mwanasha aliniuliza kama tumeshinda. Nilimsimulia yote. Akaenda kunichemshia maji ya kukanda goti.

Sare si ushindi. Najua Jumatatu mkuu ataniita, na najua atakaloniambia. Nikinyang'anywa kiwanja kile, sijui nitakuwa mwalimu wa nini, katika umri huu.

Lakini kabla sijaingia kwake nitapita ofisi ya walimu. Nitangoja walimu wote wakae, kisha niwaambie kwamba nilimsingizia Mwakio, na niwaeleze alichokifanya. Barua ya kumwomba Mwakio msamaha nitaiandika kesho, baada ya alfajiri, nikiwa bado na ujasiri.