Unga wa Kijani

Jumanne, 5 Agosti 2025
Matcha, ile chai ya unga ya Kijapani, imenigomea tena. Mabonge juu, chenga chini, ladha ya majani ya kunde mabichi. Kosa langu, nilimwagia maji yanayochemka. Rafiki yangu Prisca kanicheka kwenye simu: subiri maji yapoe kidogo, na unga uuchekeche kwanza kwa chujio la chai. Haya. Nikatikisa kwenye chupa, nikaongeza maziwa, na barafu niliyoiponda kwa mchi. Safi! Mama anauliza mwenye akili gani anakunywa barafu na baridi hii ya Agosti. Mimi hapa. Kahawa ilinichoma tumbo, hii hainichomi.

Jumatano, 6 Agosti
Kopo lina robo tu. Nimempigia Prisca, niko uani naanua nguo. Nikamwambia unga unaisha, anitafutie mwingine huko Dar, maana nikiukosa asubuhi kichwa kinaniuma, mikono inatetemeka. Nadeka tu. Kugeuka — Bi Chausiku, shangazi yake mchumba wangu Abdulatif, kasimama na bakuli alilokuja kuturudishia. Shikamoo. Kaitikia nusu, kaondoka na bakuli letu.

Ijumaa, 8 Agosti
Abdulatif alisema angenipitia asubuhi twende Nane Nane. Nimevaa, nimekaa, hakuja. Simu hapokei. Jioni ujumbe: shangazi kasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini? Jumapili wazee wake wanakuja kupanga siku ya ndoa!

Halafu Mama karudi sokoni na macho mekundu. Kaambiwa na muuza dagaa kwamba binti yake anatumia unga. Unga ule wa mateja. Mtaa mzima wa Mafiga unajua, mimi ndiye wa mwisho. Nikacheka. Mama hakucheka, aliniangalia mikono. Mama yangu mzazi, anaangalia kama natetemeka! Hapo ndipo hasira ziliponipanda.

Jumapili, 10 Agosti
Wazee hawajaja. Kaja Abdulatif na shangazi yake, basi. Bi Chausiku kalainisha sauti: wao hawana neno, ila mimi Nasra nikapime kwanza mkojo hospitali, ndipo mazungumzo yaendelee. Mkojo! Nikamtazama Abdulatif. Anatazama zulia.

Nikaleta mezani kopo, chujio, chupa, barafu. Nikachekecha mbele ya macho yao, nikatikisa mpaka bega likauma. Glasi tatu. Mama kanywa yake yote bila kupumzika, na haipendi, najua haipendi. Bi Chausiku kaonja, kakunja uso.

"Kumbe chai?"

Kisha kaomba sukari. Huyu nitamsamehe, hanijui.

Abdulatif ananijua miaka mitatu. Anajua hata moshi wa sigara unanikohoza. Glasi iko mbele yake, hajaigusa, barafu imeshayeyuka. Shangazi mwenyewe kambembeleza, kunywa baba, ni chai tu. Yeye kasema taratibu, bila kuniangalia:

"Akapime tu, shangazi. Tuwe na uhakika."

Nimeinuka, nimekuja jikoni na daftari langu. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mama kaniita mara mbili, wageni wanataka jibu.

Unga umebaki wa glasi moja, na hii ni yangu. Nimebandika maji, yamechemka, nimeyaepua. Nangoja yapoe kidogo.