Shangazi na Lupus Yangu

Laila, nimetoka kwa daktari sasa hivi. Huu wekundu wa mashavu, na viungo kuuma kila asubuhi, ni lupus. Kinga ya mwili wangu inanipiga mimi mwenyewe. Kazi nzuri sana.

Sasa sikia. Shangazi Zeituni, aliyetangazia mtaa wetu wote wa Shieywe kwamba mimi hujipaka mkorogo, akamuuliza daktari, "Si ni mkorogo umemharibu uso?" Nikiwa hapo hapo. Mkorogo, Laila.

Daktari akamwambia, "Mama, hajajipaka kitu. Figo zake zimeanza kuguswa. Atameza dawa kila siku na ajikinge na jua."

Shangazi akaanza kufungua leso yake kiunoni, ati anikinge na jua. Muujiza.

Saa hii tunatembea barabarani huku Lurambi, amenifunika na leso yake kama bibi harusi, analia. Mgonjwa ni mimi, na anayebembeleza pia ni mimi.