Picha ya Kikombe cha Chai

Mwanangu kipenzi,

Huku tu wazima. Baba yako kashona mapazia, marefu hadi yanatufagilia sakafu.

Vile vidonge vyako vya kutia utamu nimevijaribu kwenye chai. Si vibaya, ila ulimi unajua umedanganywa. Kupunguza sukari ili upungue mwili, sina ugomvi nako. Lakini ulipokuja, kila kikombe ulikipiga picha kabla ya kunywa. Nikadhani unavisifia vikombe vyangu, kumbe unamtumia mchumba wako! Nilimsikia kwenye simu: “Nionyeshe na kijiko.” Ulicheka, mwanangu, lakini ulikimbilia kijiko ukapiga picha upya.

Kabla hatujawapokea wazee wake, nijibu hili tu: siku ukitia sukari, anakufanya nini?

Ni mimi mama yako, roho juu.