Barua Kumi na Mbili za Bujumbura

Jumatatu, 8 Machi 1993

Wiki ya mwisho ya majaribio. Jumatatu ijayo Bwana Kasimiri ataamua kama ninaajiriwa. Leo amenikabidhi barua kumi na mbili za Kifaransa, za kuchapa na kutumwa kwa wateja wetu wa Bujumbura. Hadi sasa kazi hii ni ya Bi Mwajabu: hupiga taipu herufi tupu, kisha huzivika alama zake kwa kalamu ya wino, moja moja. Nilimweleza bosi, mbele ya mama huyo, kwamba ofisi yenye kompyuta haistahili kuchora barua kwa mkono. Bi Mwajabu alifunika kalamu yake.

Jumatano, 10 Machi

Nimeipata katika kitabu cha mashine! Unashikilia kitufe cha Alt, unabonyeza 130 kwenye namba za kulia, unaachia – e inatokea na mkwaju wake kichwani. 135 ni c yenye mkia. Bwana Kasimiri aliita ofisi nzima ije itazame kioo.

Bi Mwajabu amehamishiwa mapokezi. Alinipita mlangoni, akasema, "Hongera, baba." Niliendelea kukariri namba.

Ijumaa, 12 Machi

Kioo na printa havielewani. Kwenye kioo herufi zilikaa sawa. Kwenye karatasi imetoka mistari na alama za pauni. Nilichapa zote kumi na mbili bila kujaribu hata moja – tena kwa karatasi za mwisho zenye nembo.

Bwana Kasimiri aliuliza, kwa upole, kama chuoni Mlimani hatufundishwi kusoma tulichoandika. Mjumbe anasafiri kesho asubuhi. Zikiwa hazijapona, Jumatatu nisijisumbue.

Wa kuziponya ni mmoja. Hukwangua kosa kwa wembe, kisha huchora herufi juu yake. Nilijaribu kwenye karatasi chakavu. Nilitoboa.

Sasa niko Temeke, barazani kwa Bi Mwajabu, naandika nikingoja. Shikamoo yangu haijaitikiwa. Bintiye, Rukaiya, aliingia ndani na bahasha ya zile barua. Nikasikia kutoka jikoni: "Mwambie abonyeze mia na thelathini." Wakacheka wote wawili.

Adhana ya magharibi imelia. Rukaiya ametoka, mikono mitupu; bahasha imebaki ndani.

"Mama anasema karibu futari, kaka. Uji unapoa."

Nimeuliza kuhusu barua.

"Hizo hakuzitaja."