Neno Lililoandikwa Kwenye Kamyo ya Papa

Mpendwa yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa dukani, nimekaa juu ya gunia la maharagwe, na furaha imenijaa. Nina habari yako kubwa. Lakini wewe unanijua, siwezi kuanza na habari yenyewe. Acha kwanza nikurudishe kwetu Ngungu, milimani, asubuhi ile ya Mama Furaha.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Papa alikuwa amenunua kamyo kuukuu ya mizigo kule Kampala, akaipitisha Kasindi na Butembo mpaka kwetu. Unakumbuka watu walivyoizunguka? Usukani ulikuwa upande wa kuume, si kushoto kama magari yote tuliyoyazoea, na maneno yote ya mbele ya shofere yalikuwa ya Kiingereza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na mitano. Papa hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo wewe ndiye uliyekaa pembeni yake safari zote za soko. Mlipofika kwenye malisho ya tambarare alikuachia usukani. "Polepole, Masika, hii iko kamyo, haiko mbuzi!" Lakini kuwasha motere asubuhi ilikuwa kazi yake mwenyewe. Wewe ulipopanda, motere ilikuwa tayari inanguruma.

Kisha malaria ikamwangusha. Siku ya tatu hakutujua tena, alikuwa anaongea Kinande chetu na bibi aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Na siku hiyohiyo, kabla jua halijapasua ukungu, mume wa Mama Furaha akabisha mlangoni.

Mama Furaha, jirani yetu wa kabila la Wahunde, ambaye shamba lake lilipakana na uzio wetu. Ni yeye aliyetufundisha kupanda maharagwe mlimani tulipohamia, sisi watu wa duka tusiojua kushika jembe. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi yake. Mzalishaji wa dispansari alikuja nyuma ya mume wake, uso umemkauka.

"Mutoto amelala vibaya," alisema. "Mimi nimeshindwa. Kama hafike Goma leo, tutapoteza wote wawili."

Macho yote yakaigeukia kamyo. Mama akaonyesha chumba cha Papa, akasema, "Lakini shofere njo huyu analala."

Nawe ukauliza kwa sauti ndogo tu, "Ufunguo iko wapi?"

Tulimlaza Mama Furaha nyuma juu ya godoro letu, mume wake na mzalishaji wakamshika huku na huku. Ukapanda, ukawasha. Motere ikakohoa, ikanyamaza. Ukajaribu tena. Ikakohoa kwa sauti ndogo zaidi, ikanyamaza. Mara ya tatu ilikuwa kama mzee anayekataa kuamka. Kila mara sauti ilizidi kupungua, na hata mimi nisiyejua kitu nilielewa kwamba betri inaisha.

Hapo ndipo ulipokiona kile kishikio cha kuvuta, na neno juu yake: CHOKE.

"Hii iko nini?" ukaniuliza.

Nilikimbia ndani nikaleta kamusi yako ndogo ya Kifaransa na Kiingereza, ile uliyopewa na masista. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, kurasa zinashikamana. Nilipolipata neno lile nikapiga kelele.

"Yaya, usiguse! Wanasema ni kunyonga! Kukaba koo! Ukivuta utaiua motere!"

Ulirudisha mkono kama umeona nyoka. Kutoka nyuma Mama Furaha akalia, na ile sauti haikuwa ya mtu tena. Mama alishika rozari. Mimi nilikuwa nimekumbatia kamusi kifuani kana kwamba ndiyo iliyotuokoa.

Wewe ulifumba macho. Nilidhani unasali. Kumbe ulikuwa unamtazama Papa akilini mwako. Ukaniambia, "Kavira, asubuhi nikitoka na Papa, tukifika kwenye kona ya mikaratusi, mkono wake wa kushoto unafanya hivi." Ukasukuma hewa polepole kwa kiganja. "Kila siku, palepale. Anasukuma kitu."

"Sasa?"

"Kama anasukuma, njo kusema alikuwa amevuta!"

"Lakini kamusi inasema..."

"Kamusi haijawahi kulala Ngungu na baridi hii!"

Ukavuta. Nilifumba macho nikingoja kamyo ife. Uliwasha, ikazunguka mara moja, mbili, kwa uchovu mkubwa, kisha ikanguruma! Ikanguruma, Masika! Moshi mweusi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na mume wa Mama Furaha akaanza kupiga makofi kama yuko kanisani.

Nikapanda pembeni yako, na nani ataamini tulivyoshuka milima ile? Matope yalikuwa mpaka katikati ya magurudumu, wewe umeng'ata mdomo wa chini hata ukatoka damu. Tulipofika kwenye mikaratusi motere ilianza kukwama na kutoa moshi, tukapiga kelele sote wawili, "Sukuma!" Ukasukuma, nayo ikatulia, ikaimba vizuri. Pale Sake ilikuwa siku ya soko. Wanawake waliacha vikapu vyao wakasimama kutuangalia, na mmoja akapaza sauti, "Mwanamuke njo anaendesha! Muone! Muone!" Nilitaka kumpungia mkono lakini nilikuwa nimeshikilia mlango usifunguke.

Halafu yule askari wa kizuizi karibu na Mubambiro! Alikuja upande wa kushoto, upande wangu, akanikazia macho. "Karatasi ya kuendesha iko wapi?" Nikamwonyesha mikono yangu mitupu. Akatafuta usukani mbele yangu, hakuuona. Akarudi nyuma hatua moja. "Basi nani anaendesha hii kamyo?" Ukainamisha kichwa umwone vizuri, ukajibu, "Njo mimi. Na kule nyuma kuna mama anakufa." Alikwenda nyuma, akachungulia, akarudi mbio kuinua mti wa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. "Pita, dada! Pita!"

Hospitalini Goma mtoto alitoka kwa kisu cha daktari kabla ya saa sita mchana, naye akalia kwa hasira. Mama Furaha alipofumbua macho alisema mtoto ataitwa Masika. Ukacheka na kulia pamoja, ukamweleza kwamba kwetu Masika ni jina la binti wa kwanza, na huyu wake ni wa nne. Akasema, "Hayo ni mambo yenu Wanande. Kwangu iko Masika."

Fundi mmoja pale Goma ndiye aliyetupa maana ya lile neno. Alicheka mpaka akaweka chini spana. "Kamusi haikudanganya," alisema. "Inakaba koo kweli, lakini inakaba hewa. Motere yenye baridi inataka benzini mingi na hewa kidogo. Ikipata moto, unaiacha ipumue." Kisha akatuambia jambo lililonishangaza zaidi: wasemao Kifaransa wanakiita kishikio hichohicho starter, nalo pia ni neno la Kiingereza, maana yake kianzishi. Kitu kimoja, mmoja anakiita cha kunyonga, mwingine anakiita cha kuanzisha. Tangu siku hiyo nikikutana na neno jipya naliuliza kwanza linafanya kazi gani.

Papa alipopona aliizunguka kamyo akiikagua. Jioni akakuuliza jambo moja tu, "Ulisukuma wapi?" Ukamjibu, "Kwenye mikaratusi." Akakukabidhi ufunguo wa safari za Sake.

Ulipoolewa ukaenda Walikale na shemeji mwalimu, nilikusindikiza nikiimba, lakini niliporudi uani nililia. Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba huko hakuna anayeamini kwamba unaendesha, na kwamba umeacha kusema, maana wanadhani unajisifu bure. Nilimsomea Papa sentensi hiyo. Aliniomba niirudie. Akatoka nje, na wiki iliyofuata akasafiri Kampala.

Jana amerudi na kamyo ya pili! Ni ya barabara ya Walikale, iliyokuwa imefungwa na sasa imefunguliwa tena: maharagwe kwenda, mafuta ya mawese kurudi. Mashofere watatu wamekwisha kuja kuomba kazi leo asubuhi. Papa amewapa chai akawarudisha. Nilipomuuliza anangoja nani, alinikaripia: "Unaniuliza nini? Muandikie dada yako." Shemeji ameandikiwa barua yake, ya kumwomba akuruhusu uendeshe, kwa mkono wa mchukuzi huyuhuyu aliyekuletea hii; Papa mwenyewe ameiandika, kurasa mbili, na unajua Papa haandiki.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto wako ambaye bado sijamwona. Mimi na Mama tumeosha kiti cha shofere kwa sabuni. Njoo ukikalie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kavira