Simu ya Saa Kumi na Mbili

Mtaa wa Likoma, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Mei 1998

Mwanangu mpendwa Beno,

Marahaba, baba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. Hujambo huko Dubai? Wanasema joto la huko ni kali kuliko letu. Unakunywa maji? Unakula? Dada yako Stella hajambo, anakusalimu sana. Mimi ni miguu tu inavimba kidogo, usiitie moyoni.

Barua hii nampa Nayna, dada yake Ketan, anakuja huko kununua vitambaa vya duka lao. Stella alitaka kuniandikia, nimekataa. Mwandiko wangu ni huu huu wa elimu ya watu wazima, utausoma hivyo hivyo, maana nina neno la mimi na wewe.

Baba yako tumemzika vizuri. Watu wa kwetu Ndanda walioko mjini walijaa mpaka turubai likafika mlangoni kwa jirani yetu mzee Mwinyimvua. Ketan na baba yake, mzee Narendra, walikaa nasi mkekani msiba wote. Kila mtu aliniuliza Beno yuko wapi. Nikasema yuko nje, anatengeneza programu ya wafanyabiashara wanaosafiri, mtu akifika mji wowote anachomeka kompyuta yake kwenye simu ya hoteli, inapiga yenyewe, anasoma barua zake za ofisini. Sijui kama nilisema sawasawa. Wao waliitikia tu.

Najua uliondoka na donge. Baba yako alikasirika ulipoacha ajira ya kule Posta ukaenda kujifungia na Ketan chumba cha nyuma cha duka lao kutengeneza hiyo programu, na siku ya safari hakukusindikiza uwanja wa ndege. Alijifanya ana magunia ya korosho ya kupanga stoo. Lakini hukumwona baada ya pale. Ketan alipokuja kuweka kile kimashine cha kuunganisha kompyuta na simu pale sebuleni, karibu na simu yetu, akatueleza kwamba kila jioni saa kumi na mbili utapiga kujaribu programu kutoka mji uliopo, mashine itapokea yenyewe, mtu asiinue mkonga. Siku ya kwanza ikalia kidogo, mashine ikapokea, ikaanza yale makelele. Baba yako akasema kumbe huyu paka aliyebanwa na mlango ndiye aliyesomeshwa kwa korosho zangu. Mzee Mwinyimvua akauliza dirishani kama siku hizi tunafuga jini. Tulicheka sana. Basi kuanzia hapo, ikikaribia saa hiyo, baba yako ameshakaa kitini anasubiri. Ikilia ananiambia hiyo ni Nairobi, siku nyingine hiyo ni Johannesburg, kama vile anakuona.

Unakumbuka ile jioni niliinua simu kwa mazoea, ukamwandikia Ketan kuwa Dar imegoma na hukulala ukitafuta kosa. Niliona aibu sana. Nikaapa sitaigusa tena.

Kifua kilipomzidi na hospitali wakaturuhusu kurudi nyumbani, tulimlaza pale pale sebuleni. Akawa anasema anataka akusikie wewe mwenyewe, si yule paka. Nikamwomba Ketan akuandikie. Akasema ameshakuandikia ila hujajibu, labda uko njiani kati ya mji na mji.

Sasa Beno, kaa chini mwanangu. Ketan alikuambia kwamba jioni ile, ulipoisoma barua yake ukapiga uongee na baba yako, laini ilikuwa imekufa. Alikudanganya kwa kunihurumia mimi. Laini ilikuwa nzima.

Jioni ile umeme ulikatika mtaa mzima. Simu ikalia saa ile ile, na mimi nimekaa hapo hapo, ningenyoosha mkono tu ningeifikia. Baba yako akaniambia inua, ni Beno. Nikamwambia ni mashine hiyo baba Beno, tusimharibie mtoto tena. Ikalia, ikalia. Nilishangaa mbona leo mashine haipokei, nikasema imechelewa. Sikujua kuwa ile mashine inataka umeme na simu yenyewe haitaki. Nani angeniambia? Baada ya mazishi Ketan akaniuliza mbona Beno anasema ilikuwa inaita tu bila kupokelewa. Nikamsimulia. Akaangalia ule waya wa umeme wa mashine ukutani, ndipo akanieleza.

Simu ilipotulia, baba yako alifumba macho akasema basi, mwache afanye kazi yake, mradi nyumbani hapasahau. Baada ya hapo hakusema neno la kueleweka, na asubuhi akatutoka. Hakuwa na hasira na wewe, Beno. Alijua ni wewe. Mimi ndiye niliyembishia.

Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, Ketan mwache. Wala wewe usijilaumu. Ulipiga, na baba yako alisikia umepiga.

Mashine nimemwambia Ketan aje aichukue, na jana ameichukua. Wale wafanyabiashara wenu wakifika Dar watafutieni namba nyingine ya kupigia. Hii ni ya nyumbani, atakayepiga ataitikiwa na mtu.

Nisalimie wote unaokaa nao huko. Kula, mwanangu, na ukiweza kulia, lia, usijikaze mbele za watu wasiokujua. Mungu akutangulie kila mji.

Ni mimi mama yako,
Klara